Wale paka kwenye picha za kale za Kijapani wanasema nini hasa?

Kuna picha moja inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, pengine na wewe umeshatumiwa. Karatasi imechakaa kidogo, rangi yake kama chai ya maziwa, imejaa paka kibao na kila mmoja ana shughuli yake, huyu anaburuta pweza, yule kalala zake, mwingine kamng'ata panya shingoni, na pembeni ya kila mmoja kuna maandishi ya Kijapani yameshuka wima. Kila inapoforwadiwa inakuja na maelezo mapya. Mara Wajapani wa kale waliabudu paka, mara hiyo ni chati ya waganga wao, na siku hizi kitu kikiwa kizuri sana watu wanasema tu hiyo ni AI. Nimeona watu wazima wanabishana juu yake mpaka saa sita usiku na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu na ukweli, na iliniuma kidogo kwa sababu mtu anayejua Kiswahili ana kila kinachohitajika kuielewa ile picha kuliko watu wengi duniani. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze na majina. Picha za aina hii zinaitwa ukiyo-e, tamka u-ki-yo-e, maana yake picha za dunia inayoelea, yaani ile dunia ya starehe za mjini zinazokuja na kupita: maigizo, mieleka ya sumo, warembo, safari, miti inapochanua. Mji wenyewe uliitwa Edo, ndio huohuo leo tunauita Tokyo, na enzi ya Edo ni kuanzia mwaka 1603 hadi 1868. Picha hizi zilikuwa mali ya watu wa kawaida. Ya bei ya kawaida iligharimu karibu sawa na bakuli la tambi za mtaani, kwa hiyo hata seremala au muuza samaki aliweza kununua yake akaibandika ukutani. Watu wengi wanapotea hapa mwanzoni kabisa, wanaona karatasi ya miaka 170 wanadhani ilikuwa hazina ya ikulu au hekalu, kumbe iliuzwa dukani imepangwa na wenzake kama tunavyopanga kanga.

Na hiyo kanga naomba uishike mkononi kwa sababu nitairudia. Picha hizi hazikuchorwa moja moja, zilichapwa kwa mbao. Msanii alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana, karatasi ikagundishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani, kisha mchongaji akachonga kwa kupita juu ya karatasi hiyohiyo, anaacha mistari imesimama na kuondoa mbao yote iliyobaki, yaani ule mchoro wa kwanza wa msanii ulikufa palepale. Baada ya hapo mchapaji anapaka rangi kwenye ubao kwa brashi, analaza karatasi ngumu ya maganda ya mforsadi, anasugua mgongo wake kwa kidude bapa cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi, wanakiita baren. Hakuna mashine hapo, ni mkono na bega tu. Kila rangi ina ubao wake, na ili rangi zisipishane kila ubao umechongwa alama mbili pembeni za kukalishia karatasi. Ukiona rangi nyekundu ya shanga la paka imetoka nje ya mstari ujue karatasi ilikaa vibaya, kama kanga ambayo ua lake limehama kutoka kwenye kivuli chake. Rangi nyingi kwa mtindo huu zilianza kushamiri mwaka 1765, na jina linalotajwa sana hapo ni Suzuki Harunobu.

Kwa hiyo picha moja ilipita kwa watu wanne, mchapishaji mwenye hela na duka, msanii, mchongaji na mchapaji. Sisi tunamtaja msanii tu kwa sababu jina lake ndilo kubwa kwenye karatasi, lakini nywele nyembamba za sharubu za paka ni kazi ya kisu cha mchongaji, na kuna picha ambazo mchapaji alikandamiza karatasi kwenye ubao usio na wino kabisa ili sehemu nyeupe, kama theluji au manyoya, ivimbe kidogo uisikie kwa kidole. Simu haiwezi kukuonyesha hilo. Na swali la "orijino iko wapi" linajijibu, hakuna moja, zile zote zilizotoka kwenye mbao za kwanza ni orijino, kama doti zote za kanga moja.

Sasa paka waliingiaje. Hapa nitapita haraka. Kwa masimulizi ya Wajapani wenyewe, paka waliletwa kutoka bara melini pamoja na vitabu vya dini ya Buddha ili panya wasitafune kurasa. Mwaka 889 mfalme Uda aliandika kwenye shajara yake habari za paka wake mweusi, na kwa karne nyingi paka alikuwa kitu cha wakubwa, anafungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Mpaka mwaka 1602 ikatoka amri Kyoto kwamba paka wafunguliwe wakamate panya. Wafugaji wa nondo wa hariri ndio waliowahitaji zaidi, maana panya akiingia kwenye viwavi msimu umeisha, na wasiokuwa na paka walibandika ukutani picha ya paka wakiamini panya watakimbia. Hilo ni kweli, walifanya, na msanii Kuniyoshi alitoa picha ya paka wa namna hiyo miaka ya mwanzo ya 1840.

Huyo Kuniyoshi ndiye tunayemtafuta. Utagawa Kuniyoshi alifariki mwaka 1861, baba yake alikuwa fundi wa kutia rangi hariri, na umaarufu wake ulianza karibu mwaka 1827 kwa picha za mashujaa wenye tatuu mwili mzima, wanaume wa mapigano kwelikweli. Lakini nyumbani alikuwa mtu wa paka. Wanafunzi wake walisimulia kwamba karakana ilijaa paka na kwamba alichora huku mtoto wa paka kamlaza ndani ya kimono, kifuani. Mmoja wa waliosoma kwake utotoni, Kawanabe Kyosai, alikuja kumchora baadaye kwenye kitabu cha mwaka 1887, mwalimu kakaa chini na wanafunzi na paka wapo hapo katikati ya kazi. Inasimuliwa pia kwamba paka wake wakifa aliwawekea vibao vya majina kwenye altare ya nyumbani, vile ambavyo familia za Kibuddha huwawekea marehemu wao. Nadhani habari hii ndiyo iliyozaa lile neno la "waliabudu paka". Lakini fikiria mtu anayemsomea marehemu wake dua, hatusemi anamwabudu, tunasema anamkumbuka, na Kuniyoshi aliwakumbuka paka kama tunavyowakumbuka ndugu.

Twende kwenye ile picha yenyewe sasa. Ni ya Kuniyoshi, ya kati ya mwaka 1848 na 1850 hivi, imeungwa kwa karatasi tatu. Ili kuielewa lazima ujue kulikuwa na barabara kuu iitwayo Tokaido, kama kilomita 500 kutoka Edo hadi Kyoto, yenye vituo 53 vya kupumzika wasafiri. Miaka ya 1833 na 1834 hivi Hiroshige, msanii mwenzake, alikuwa amechora vituo hivyo vyote pamoja na mwanzo na mwisho wa safari, jumla picha 55, zikauzwa sana, kila mtu Edo akayajua majina ya vituo kwa mpangilio. Kuniyoshi akachukua majina yaleyale akayageuza kidogo tu kwa sauti mpaka kila kituo kikawa jambo la paka.

Kituo cha kuanzia ni Nihonbashi. Badilisha sauti moja inakuwa nihon dashi, na nihon ni namna ya kuhesabu vitu viwili virefu, dashi ni supu inayopikwa kwa samaki mkavu, basi paka wa hapo anavuta vipande viwili vya samaki mkavu. Kituo cha Oiso kimekuwa omoi zo, yaani "mzito huyu!", na ndipo unamwona yule paka anayeburuta pweza. Shinagawa imekuwa shiranu kao, uso wa asiyejua kitu, kwa hiyo paka wake kajifanya hajui lolote, ule uso kila aliyefuga paka anaujua pale samaki anapopungua kwenye sufuria. Na jina la picha lenyewe ni mchezo uleule, Tokaido imegeuzwa Myokaiko ambayo kwa herufi zake inasomeka "mpenda kufuga paka", na lile neno la vituo limegeuzwa kuwa neno wanalohesabia wanyama wadogo. Juu kabisa kaandika bila kuficha kwamba haya ni michezo ya maneno.

Kwa mtu asiyesikia Kijapani yote hayo yanapotea, anabaki na paka kibao wasio na sababu, na pasipo na sababu watu hutia uchawi. Jaribu hivi. Chukua ramani ya Dar es Salaam. Sinza, mchore paka anasinzia. Magomeni, paka kapanda magotini kwa bibi. Tegeta, paka kategea mlangoni kwa panya. Kariakoo, paka mwiba umemkaa kooni anakohoa. Mtu wa Dar akiiona hiyo hata bila maelezo atacheka ndani ya sekunde mbili, na mtu wa Osaka akipewa aibebe nyumbani atauliza hii ni dini gani. Ndivyo ilivyo kwetu na ile picha. Inasomwa kwa sikio kwanza, jicho linafuata.

Na hili ndilo nililosema mtu wa Kiswahili analo tayari. Sisi tunasoma kanga hivyo miaka yote, unaona ua, unaona pindo, lakini ujumbe uko kwenye jina, na jina nalo ni fumbo linalomlenga mtu fulani ambaye hakutajwa. Hata kiwandani tumewahi kukutana na hao Wajapani, katikati ya karne iliyopita kanga nyingi zilichapwa Japani zikaja kuuzwa Afrika Mashariki, bibi zetu walizivaa.

Kuniyoshi alifanya mchezo huo mara nyingi. Kuna mfululizo wa mwaka 1842 hivi ambapo paka wamejikunja na kulaliana mpaka miili yao imeunda herufi, na ukisoma herufi unapata jina la samaki, kambare, jodari, mkunga, pweza. Chukulia neno DAGAA limeandikwa kwa paka watupu, mkia mmoja ndio mkia wa G. Mwaka 1852 akachora methali, kuna ile ya kumpa paka sarafu ya dhahabu, yaani kumpa mtu kitu asichojua thamani yake, na paka kweli anaiangalia dhahabu kama anaangalia ukuta. Kijapani pia mtu anayejifanya mpole husemwa "kavaa paka". Na mtu asiyeweza kunywa chai ya moto anaitwa mwenye ulimi wa paka. Unaona jinsi paka alivyokuwa ndani ya lugha yao kabla hajafika kwenye karatasi.

Lakini kuna upande mwingine mzito, na ndio unaonigusa zaidi. Mwaka 1842 serikali ya shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, chini ya waziri Mizuno Tadakuni, ilikuwa katikati ya mageuzi ya kubana anasa. Ikapigwa marufuku kuuza picha za waigizaji wa kabuki, yale maigizo yao ya jukwaani, na za wanawake wa starehe, rangi zikapunguzwa, bei ikawekewa ukomo. Waigizaji ndio walikuwa mastaa, ni kama leo uambiwe usichapishe sura ya msanii yeyote wa muziki wala mchezaji mpira, mafundi wengi ugali wao ulikuwa hapo. Kuniyoshi akawavisha waigizaji sura za paka. Mwili wa binadamu, kimono cha mwigizaji fulani, nyusi zake, namna yake ya kukaza midomo, ila uso una sharubu na masikio. Mkaguzi akiuliza, hii ni paka mzee wangu, paka hajakatazwa. Mnunuzi naye akitazama anamjua mtu wake mara moja. Kila picha ilipita kwa wakaguzi ikagongwa muhuri kabla ya kuuzwa, kwa hiyo kufaulu kwa paka hawa kulikuwa mbele ya macho ya serikali, wala hakukuwa kwa siri. Ndiyo maana nasema anayewaita "vikatuni vya paka" anawapunguzia mno. Mtu alikuwa analinda kazi yake na kicheko cha mji wake kwa wakati mmoja.

Vipi kuhusu uchawi basi, je hakuna kabisa? Upo, ila umehamia mahali pengine. Wajapani walikuwa na hadithi za nekomata, paka aliyezeeka mpaka mkia wake ukagawanyika viwili akaanza kucheza ngoma na kuwasumbua wenye nyumba. Hofu hii inatajwa kama sababu mojawapo ya watu wa Edo kupenda paka wenye mkia mfupi, na ukiangalia vizuri paka wa Kuniyoshi wengi wana kimkia kama cha sungura. Ile picha nyingine inayosambaa, ya paka mkubwa kama nyumba nyuma ya kikongwe, na paka wadogo wanacheza wamejitanda vitambaa kichwani, ni onyesho la tamthilia ya kabuki kuhusu jini paka wa Okazaki. Ichukulie kama tangazo la sinema ya kutisha. Miaka mia baadaye mtu akikuta tangazo la filamu ya majini ukutani hatakuwa na haki ya kusema wote tulikuwa waganga.

Na yule paka wa plastiki wa dhahabu anayepunga mkono kwenye kaunta za maduka ya Wachina, naye watu wanamchanganya humu. Asili yake ni Japani, na mojawapo ya picha za mwanzo kabisa za kumwonyesha akiuzwa ni ya Hiroshige ya mwaka 1852, kwenye kibanda cha barabarani Edo. Halafu hapungi kwaheri. Anaita, njoo! Mjapani humwita mtu kiganja kikiangalia chini, kama tunavyoitana sisi kwa heshima, ndiyo maana mimi naona Mswahili alitakiwa kumwelewa yule paka kabla ya Mzungu.

Sio kila paka wa Kijapani ni fumbo, nisije nikakutuma kutafuta maana hadi mahali pasipo na kitu. Hiroshige ana paka mmoja mweupe wa mwaka 1857 ambaye mimi nikimfungua simuachi haraka. Kakaa kwenye ukingo wa dirisha lenye nondo za mbao, katupa mgongo, anatazama mashamba ya mpunga ya Asakusa jioni, ndege wanapita, Mlima Fuji kwa mbali, na chini kabisa mstari wa watu wadogo kama siafu wanaotoka kwenye sikukuu wamebeba reki za bahati. Chumba ni cha mwanamke wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba, na yeye mwenyewe humwoni, unaona taulo na bakuli pale dirishani na pini za nywele mpya sakafuni zenye umbo la reki hizohizo, kwa hiyo kuna mgeni kaja kutoka sikukuuni na zawadi. Hakuna kilichosemwa zaidi. Paka ndiye pekee katika chumba hicho anayeruhusiwa kuangalia nje. Na mwaka 1888 Yoshitoshi, mwanafunzi wa Kuniyoshi, akachora msichana kamkumbatia paka mweupe kwa nguvu ya mapenzi, jina la picha linamaanisha "anaonekana kuudhika", na anayeudhika ni paka.

Kuhusu ya kale na ya bandia, chunga mambo mawili matatu. Paka wenye tatuu mgongoni ambao watu wanawaforwadi kama wa enzi ya Edo, wengi ni kazi ya Kazuaki Horitomo, fundi tatuu wa zama hizi aliyefanya kazi Marekani, kazi nzuri sana ila ya juzi. Picha za AI mara nyingi zinakamatika kwenye maandishi, herufi zinafanana na Kijapani lakini hazisomeki, na mihuri inakuwa madoa mekundu tu, wakati ya kweli ina saini ya msanii, alama ya mchapishaji na muhuri wa mkaguzi, na mihuri hiyo ndiyo wataalamu wanaitumia kujua picha ni ya miaka gani. Makumbusho makubwa kama ya Boston, ile ya Metropolitan ya New York na British Museum ya London wameweka picha hizi mtandaoni bure na unaweza kuzikuza mpaka uone nyuzi za karatasi, tafuta kwa jina Kuniyoshi.

Ukishaipata ile ya paka wa Tokaido anza na karatasi ya kulia, maana Kijapani cha zamani kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Utakutana na wale samaki wakavu wawili, utampita mwenye pweza wake, na kwenye karatasi ya kushoto safari inaishia Kyoto, ambayo Kuniyoshi kaigeuza gyo, na hiyo ni sauti ya panya aliyeng'atwa shingoni.